Chembe za Nyamizi

Kabula alikwenda maabara kuchukua kichupa cha mwisho cha damu ya binti yake, akakizike. Nyamizi alikuwa amefariki miezi mitatu nyuma, baada ya kinga ya mwili wake mwenyewe kumgeukia na kuyashambulia mafigo yake.

"Ni haki yako, mama," alisema Daktari Mwombeki. "Ila tumepata protini inayoziamuru chembe za kinga zitulie. Tungependa kuijaribu kwenye chembe zake."

"Kwani zi hai bado?"

"Zimelala kwenye barafu. Tukiziamsha leo, hakitabaki kitu cha kuzika."

Kabula aliushusha mkoba mapajani. Kisha akasema, "Ziamshe. Lakini nizione."

Alingoja hadi adhuhuri, daktari alipomwita kwenye hadubini. Kwenye giza la kioo aliona chembe nyingi za mviringo, zikiwaka kijani na kuzimika, zikiwaka tena.

"Ndivyo zinavyopeana habari za vita," daktari alimweleza, akadondosha tone la ile protini.

Kwanza hapakuwa na mabadiliko. Halafu moja ikazimika isiwake tena, na nyingine, na nyingine.

"Zimekufa?"

"Hapana, mama. Zimetulia."

Machozi yakamtoka, akamwuliza daktari, "Mbona mlichelewa hivi, mwanangu?"

Daktari alinyoosha mkono azime taa ya mashine, Kabula akaushika.

"Niache kidogo," alisema, jicho lake likiwa palepale. Pembeni kabisa, chembe moja ilikuwa ingali inawaka.