Kiti Kinachogonga

"Afande, hiki kiti kibovu," mpishi wa kituo alilalamika, huku kiti kikigonga sakafu chini yake, ko, ko. "Polisi wote hawa, hamna hata fundi mmoja?"

Mpelelezi alitabasamu. "Nenda zako. Wewe huna kosa."

Mguu mmoja wa kiti kile aliukata mwenyewe kwa msumeno, zamani, nywele zake zikiwa bado nyeusi. Asiye na hatia akikikalia huyumba, hulalamika, tena humtukana fundi. Mwenye hatia hukaza miguu sakafuni ili kitulie, maana hataki aonekane ana wasiwasi. Majambazi sugu walinaswa hivyo. Siri hiyo alimfundisha mtu mmoja tu, binti mmoja aliyeanzia kazi mikononi mwake, ambaye sasa ndiye Mkuu wa Kituo.

Ijumaa mpelelezi huyo mzee alikuwa anastaafu. Mkewe alishamtania, "Utashinda nyumbani ukimhoji nani? Kuku wangu?" Yeye hakucheka. Aliogopa, basi. Aliiogopa ile Jumatatu atakayoamka asijue avae nini wala aelekee wapi.

Ndipo mwizi akaingia kituo cha polisi. Kwanza lilitoweka birika la chai. Ikafuata kofia ya Mkuu, na juzi pingu zilizokuwa kwenye meza ya mapokezi. Habari zikivuja, mji mzima ungewacheka mpaka machozi. Mkuu akamwita mzee pembeni.

"Mzee wangu, niondolee aibu hii. Kesi isipokwisha Ijumaa, huendi popote. Nitawaomba wakubwa wakuongeze mwaka."

Tangu hapo mzee hakutulia. Chai yake ilipoa mezani. Alipanda ngazi, akashuka, akachungulia stoo, akarudi kulipima dirisha alilokwisha kulipima. Hata akisimama, goti lilikuwa likimcheza. Aliwaita watu mmoja mmoja: dereva, mfagiaji, askari wa mapokezi, na leo mpishi. Wote waliyumba, wote wakamlaumu fundi.

Jioni Mkuu aliingia chumba cha mahojiano, akafunga mlango.

"Umefika wapi, mzee?"

"Bado, Mkuu. Kesi kama hii haitaki haraka. Inaweza kula miezi."

"Umewahoji wote?"

"Wote. Labda nikuhoji wewe," alisema, akicheka peke yake.

Mkuu hakubisha. Alikikalia kiti, kikagonga, ko. Akainuka, akakisogeza mpaka karibu na mzee.

"Sasa wewe, baba. Tangu asubuhi hujakaa. Pumzika kidogo."

Mzee alikitazama kiti, akautazama mlango. Akakaa.

Mkuu alisimama ametega sikio. Nje gari lilipita, kisha mfagiaji akaburuta ndoo yake koridoni. Mle chumbani hakukusikika hata ko moja. Goti la mzee lilikuwa limetulia, visigino vyake vimejikaza sakafuni vyenyewe.

"Baba," Mkuu alisema polepole, "naomba kofia yangu."