Chapa ya Nne

"Hapana, fundi. Bado ina wekundu," msanii alisema, akairudisha mezani chapa ya tatu.

Mchapaji aliuma meno. Picha yenyewe ilikuwa ya kijinga: ukuta mtupu, rangi ya chai iliyozidishwa maziwa, na swichi moja ya taa pembeni. Upana mita moja, urefu mita moja na nusu.

"Mkubwa, huu si ukuta tu? Nani atajua?"

"Hiyo ni sanaa ya kisasa. Mwenye jicho atajua." Msanii alitoa kipande cha plasta mfukoni. "Rangi ninayoitaka ndiyo hii. Karatasi ising'ae. Na swichi ibaki saizi yake."

Siku nyingine angemtimua. Lakini mama mkwe, mwenye chumba alichofungulia duka, alikuwa ameshatamka mbele ya mkewe na watoto: "Mwanangu kaolewa na mchezea kompyuta. Jumamosi nionyeshe kazi yako moja tu itakayonifanya niseme hongera. La sivyo, chumba changu nampa msusi."

Basi akaanza upya. Programu zake zote zilikuwa za bure, za kushusha mtandaoni, na kwa hilo mama mkwe hakuchoka kumsuta: rahisi ni ghali. Lakini alizijua kama mfuko wake. Alipima rangi za skrini kwa kidude chake cha kupimia rangi, akachapa viraka mia mbili vya rangi kwenye karatasi ileile, akavipima kimoja kimoja, akatengeneza faili la kuiadabisha printa: ukiagizwa maziwa, usilete damu. Kisha akatazama kwenye skrini chapa itatokaje, kabla ya kupoteza hata tone la wino.

Chapa ya nne ilipotoka, alitupia kile kipande cha plasta juu yake. Kikapotea. Ikabidi akitafute kwa kupapasa.

Msanii nusura ambusu.

"Niachie mpaka kesho," mchapaji alimsihi. "Nimwonyeshe mama mkwe tu."

"Haiwezekani, fundi. Kesho ndiyo maonyesho yenyewe." Akaiviringisha, akatoka mbio.

Jumamosi mama mkwe aliingia bila hodi. "Kazi iko wapi?"

"Mwenyewe kaichukua, mama."

"Hata samaki aliyeponyoka huwa mkubwa. Nibebee mkoba. Nakwenda kukagua nyumba yangu ile nyingine, tukirudi unikabidhi ufunguo."

Walibisha hodi mara tatu. Mama mkwe akafungua kwa ufunguo wake, akasimama katikati ya sebule yenye giza, mikono kiunoni.

"Majirani waongo! Eti mpangaji kanivunjia ukuta. Hebu tazama ukuta ulivyotulia. Hongera yake! Huyo ndiye mwanamume, anajua kutunza, si kuchezea kompyuta. Washa taa niuone vizuri."

Mchapaji alibonyeza swichi. Kidole kikazama, kiganja kikafuata, mkono ukaingia mpaka kwenye kiwiko.

"Fundi," sauti ya msanii ikanong'ona kutoka chumba cha pili, "vuta taratibu, usiichane zaidi."