Siku Bwana Rudia Alipofaulisha Mtu

"Washa gari! Washa twende!"

Mtahini wa leseni za udereva alijitupa kwenye kiti cha abiria, akafunga mlango kwa kishindo na kulegeza mkanda wa suruali. Tumbo lake lilinguruma kama lori linalopanda mlima. Mwanamume mwenye ndevu, aliyekuwa ameinama chini ya usukani, aliinuka ghafla, macho yamemtoka pima.

"Mzee, nisamehe. Naomba nikueleze..."

"Hakuna kuelezana. Endesha!"

Injini ikakohoa, ikawaka. Gari likatoka getini.

Mtahini hakushangaa. Watahiniwa wengi humwomba msamaha hata kabla ya kukosea. Kwa miaka kumi na tisa amekuwa na neno moja tu kwao: "Rudia." Ndiyo maana mji mzima ulimwita Bwana Rudia. Hata shemeji yake mwenyewe alirudishwa mara nne, mpaka mkewe akamnunia mwezi mzima.

Lakini leo mwenye mtihani alikuwa yeye.

Chanzo ni vidonge. Mwezi uliopita daktari alimwanzishia dawa ya presha, na tumbo likafunga kama duka la mtu aliyesafiri. Aliingia chooni na gazeti, akatoka na habari tu. Kisha juzi akaongezewa dawa ya sukari. "Kidonge hiki ukimeze pamoja na chakula," daktari alimsisitizia. Asubuhi hii alichelewa kuamka, akakimeza kwa maji matupu, akakimbilia kazini.

Katibu wake alipochungulia mlangoni kumwambia kwamba mtahiniwa amefika, tumbo ndilo lililoitika. Choo cha ofisi kilikuwa na kufuli, maji yalikuwa yamekatika tangu jana. Akakwapua fomu na mhuri, akalifuata gari la mtihani kwa mwendo wa mtu anayejifanya hakimbii.

"Zahanati ya karibu, unaijua?" aliuliza sasa, ameikumbatia dashibodi.

"Naijua. Mimi nilidhani tunaelekea polisi."

"Polisi tutafanya nini? Choo chao kibovu. Zahanati!"

Mwenye ndevu alimtazama kidogo, akakata kona. Alipita nyuma ya karakana ya maseremala, akajipenyeza kwenye kichochoro ambacho hata mkokoteni ungekifikiria mara mbili. Vioo vya pembeni vilipishana na ukuta kwa upana wa kidole. Kwenye matuta alipunguza mwendo polepole, akalivusha gari kama amebeba trei ya mayai. Kila tuta Bwana Rudia alifumba macho na kusali. Kila tuta sala yake ilijibiwa.

"Umejifunzia wapi kuendesha hivi?"

"Mtaani tu, mzee. Kwa magari ya watu."

"Umewahi kushindwa?"

"Mara mbili. Mara ya pili nilikaa miezi sita."

"Miezi sita! Ukatili huo. Mimi mtu nampa wiki mbili tu, anarudia."

"Mzee, naapa mbele ya Mungu, mimi sirudii tena."

"Hurudii!" Bwana Rudia alipaza sauti, jasho likimtiririka. "Leo hurudii, nakuhakikishia! Ongeza mwendo!"

Waliingia uani mwa zahanati. Hata kabla gari halijasimama sawasawa, mtahini alikuwa ameshatandaza fomu juu ya goti. Tisini na nane kwa mia. Akagonga mhuri kwa nguvu zote alizoweza kuzitumia bila kuhatarisha mengine.

"Jina ujaze mwenyewe. Liegeshe vizuri, unisubiri."

Mwenye ndevu aliipokea karatasi kwa mikono miwili.

"Mzee, lakini hunijui."

"Nimekuona kazini, inatosha!" Akatoweka mlangoni.

Alipotoka msalani, nesi mmoja alimkalisha kwenye benchi, akampa maji na kumuuliza dawa anazotumia. Akamtajia zote mbili.

"Baba, ulikula kabla ya kumeza dawa ya sukari?"

"Nilichelewa, binti yangu. Nitaiacha tu."

"Usithubutu. Mwanzoni inasumbua tumbo, hasa ukiimeza bila chakula. Wengi huzoea. Usipozoea, rudi kwa daktari akubadilishie, usijibadilishie mwenyewe. Na ile ya presha vipi?"

Bwana Rudia alitazama dari. "Ile inafunga."

"Ulimwambia daktari?"

"Mambo ya aibu hayo."

"Aibu gani, baba? Foleni nzima imekupisha, mpaka bibi mwenye magongo."

Bwana Rudia alicheka mpaka akajishika tumbo, safari hii kwa hiari yake. Aliahidi kula kwanza na kurudi kwa daktari wiki hiyohiyo, akatoka nje mwepesi kama pamba.

Gari lilikuwa limeegeshwa katikati kabisa ya mistari, magurudumu yamenyooka, injini inanguruma taratibu. Dereva hakuwepo. Bwana Rudia akatabasamu. Bila shaka jamaa amekimbilia nyumbani kuwapasha watu wake habari njema. Kumbe kumfaulisha mtu ni raha namna hii! Akaketi nyuma ya usukani, akanyoosha mkono azime injini, na simu ikaita. Ni katibu wake.

"Bosi, uko wapi? Mtahiniwa wako bado yuko hapa kwenye benchi, mpaka amesinzia. Na mbona umeondoka kwa miguu? Ufunguo wa gari la mtihani umeuacha mezani."

Mkono wa Bwana Rudia ulikuwa bado unapapasa chini ya usukani. Vidole viligusa nyaya mbili zilizosokotwa pamoja, zina joto.