Spika Isiyohamishwa

Kila familia yenye mtu kwenye migodi ya mwezini ilipewa spika moja, na fundi aliifunga sebuleni tu, penye vigae na kuta tupu. "Msiihamishe," alisisitiza. Kila alasiri Nasoro alimpigia mama yake, Bi Mwanamkasi, kutoka huko mwezini, sauti ikirindima kama inatoka kisimani.

Mama hakutulia. Mwangwi wa nini kwa mtoto wa kumzaa? Siku moja akaing'oa spika, akaipeleka chumbani, akaiweka kati ya godoro na mapazia mazito.

"Shikamoo, mama. Umekula?"

"Marahaba, baba. Nimekula."

Lo! Sauti ilikuwa safi, utadhani Nasoro ameketi kitandani. Lakini katikati ya maneno, pale ambapo sebuleni palijaa mwangwi, hapakuwa na pumzi hata moja. Na Nasoro alizaliwa na pumu; kila akisema, kifua kilipiga mluzi.

"Pumu yako vipi, baba?"

"Hainisumbui tena, mama."

Bi Mwanamkasi akaikumbatia spika, akairudisha sebuleni mbiombio. Akakunja hata mkeka, mwangwi upate nafasi.

"Haya, mwanangu, sema tena," akasema. "Humu ndimo unamosikika vizuri."