Kidole cha Bosi Skrini

"Kwa kidole hiki kimoja naendesha kiwanda kizima, na chai siiweki chini," Bosi Skrini alitamba katika chumba cha kuongozea mitambo.

Redio ikalia. Alikuwa Shangazi, msimamizi wa tangi la sabuni. "Sabuni ya moto inafurika, na paneli ya swichi za pampu huku imefungwa kwa ufunguo!"

Bosi alibonyeza ZIMA kwenye skrini. Pampu wala haikushtuka.

"Haimwagiki leo!" Alishuka ngazi mbio, akajitosa kwenye mvuke, akafungua paneli kwa ufunguo wa shingoni na kuizima pampu. Kidole kikaungua.

"Nani kaigeuza swichi hii isisikie amri za juu?" alifoka. "Atanitambua!"

"Baba, ufunguo ni huo mmoja," Shangazi alisema. "Asubuhi ulipokuja kuijaribu pampu kwa swichi hiyo, mimi ndiye niliyekushikia chai."