Jicho la Dirishani

Kinyonga hakumaliza siku bila adhabu katika darasa la Mwalimu Kanga, ndege aliyetaka wanafunzi wake wafanane kama mayai ya kiota kimoja. Kosa lilikuwa lile lile: jicho moja ubaoni, jingine dirishani.

"Macho yote kwangu, wewe," Kanga alifoka.

Asubuhi moja Kinyonga akasema kwa upole, "Mwalimu, inama." Kanga akainama, na mwewe aliyeingia dirishani akaambulia unyoya mmoja tu.

Kanga alishukuru sana. Kesho yake akatoa amri mpya: kila mwanafunzi atazame ubao kwa jicho moja na dirisha kwa jingine. Mbuzi alijaribu, akashikwa na kizunguzungu, akaanguka. Fuko, ambaye haoni hata pua yake mwenyewe, akaanza kulia.

"Dirisha niachie mimi, mwalimu," Kinyonga akasema. "Fuko muulize anasikia nini."

Kanga akashusha pumzi. "Haya, Fuko mwanangu, unasikia nini?"

"Nyoka, mwalimu," Fuko akajibu huku akifuta machozi. "Anatambaa chini ya kiti chako."

Somo lililobaki Kanga alilifundishia juu ya paa, wala hakumwambia tena mtu atazame wapi.