Abdia wa Kau

Kidole kimoja tu cha mkono wa kulia wa Abdia hakikuwa na hina mbichi, na hicho ndicho alichokuwa akiandikia.

Kazi yake ilikuwa kuiandikia akili mnemba maelezo ya kufungua barua pepe za ofisi. Asubuhi iliambiwa ifungue ya Nuh, ikafungua ya Nuh mwingine. Bosi akasema: jaribio moja tena, na likishindwa kazi inakwenda kwa mtu mwingine.

Na nyumba hapo Garsen imefurika wanawake wa arusi.

"Abdia!" shangazi akaita toka jikoni.

"Abee!" wakaitika Abdia watatu.

"Nyie wawili kaeni! Namtaka wa kutoka Kau, huyo anayejificha na kompyuta vitunguu visimwone!"

Kicheko kikapasuka. Abdia hakucheka. Alifuta mstari mmoja, akaandika: "Usifungue kwa jina. Tafuta namba ya barua yenyewe, fungua hiyo tu. Wenye jina wakiwa wawili, uliza kwanza."

Akabonyeza, akaiambia tena ifungue ya Nuh. Skrini ikatulia, kisha ikajibu: "Nimepata barua za Nuh wawili. Unamtaka yupi?"

Abdia akapiga kofi mezani, akaacha alama za vidole vinne vya hina.

"Meza yangu!" akapiga kelele shangazi toka mlangoni.